Mbu wa Mtafiti na Mbu wa Mnunuzi: Tiba, Elimu ya Wadudu na Soko la Kinga katika Bonde la Jangwani na Kariakoo, 1897–2014

1.0 Utangulizi

Bonde la Jangwani limo katikati ya jiji la Dar es Salaam, baina ya Kariakoo na Upanga kwa upande mmoja na Magomeni kwa upande wa pili. Mto Msimbazi hupita humo ukielekea baharini, na Barabara ya Morogoro hulikata bonde hilo kabla ya kupanda Magomeni. Mvua zikizidi, maji hulifunika bonde. Yakipungua, huacha madimbwi, mifereji iliyoziba na vyoo vilivyofurika. Mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo, katika mitaa ya Kariakoo, huuzwa vyandarua, dawa za mbu za kuchoma, dawa za kupuliza na nyavu za madirisha. Bonde linazalisha mbu, na soko linauza kinga.

Makala hii inachunguza jinsi nyanja tatu za utafiti, yaani tiba, elimu ya wadudu na tabia za walaji, zilivyomwelewa mbu wa Dar es Salaam tangu mwaka 1897 hadi 2014. Mwaka wa kwanza umechaguliwa kwa sababu ndipo Robert Koch alipofika mjini hapa kuchunguza homa. Mwaka wa mwisho umechaguliwa kwa sababu mbili: mpango wa Hati Punguzo ya vyandarua ulifikia ukomo, na mlipuko wa homa ya dengi ulilionyesha jiji kwamba malaria si homa pekee iletwayo na mbu.

Hoja kuu ni kwamba kila nyanja ilihesabu kitu chake. Daktari alihesabu vimelea katika damu. Mtaalamu wa wadudu alihesabu viluwiluwi na mbu wapevu. Mkazi wa jiji alihesabu mara alizoumwa usiku, kisha akatoa fedha mfukoni kulingana na hesabu hiyo. Hesabu hizi tatu hazikuwa za mbu mmoja. Inahojiwa hapa kwamba kushindwa kwa mipango kadhaa kulitokana na kutozikutanisha hesabu hizo, zaidi ya ujinga wa wananchi ambao mara nyingi ndio unaolaumiwa. Jambo hili lina uzito wa leo, kwa kuwa mkazi wa bondeni ndiye aliyelipa gharama ya kutoelewana huko kwa fedha yake, kwa usingizi wake na kwa afya ya watoto wake.

2.0 Damu, hadubini na mtaa: Urithi wa kikoloni

Mwaka 1897 una nafasi ya pekee katika historia ya malaria. Tarehe 20 Agosti mwaka huo, Ronald Ross, akiwa India, aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Katika kipindi hicho hicho, Koch aliwasili Dar es Salaam, makao makuu ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, na kuendelea na kazi hadi mwaka 1898. Ijapokuwa wote wawili walishughulikia ugonjwa mmoja, mafundisho yao yalielekeza udhibiti katika njia mbili tofauti. Njia ya Ross ilimlenga mdudu: yaondolewe mazalia yake. Njia ya Koch ilimlenga binadamu: atafutwe mwenye vimelea, apewe kwinini, na mbu akose pa kuvichukua.

Dar es Salaam ilifanywa uwanja wa kuijaribu njia ya pili. Kuanzia mwaka 1901, chini ya uongozi wa Dkt. Ollwig, damu za wakazi zilichukuliwa na kupimwa kwa hadubini, na waliokutwa na vimelea wakapewa kwinini. Kwa mara ya kwanza, tiba iliingia katika nyumba za Waafrika wa mji huu kwa ajili ya kuhesabu. Ni muhimu kutambua kwamba kilichohesabiwa ni vimelea. Kero ya mbu, ambayo kila mlala hoi aliifahamu, haikuwa na safu katika daftari hilo.

Fikra hiyo ya kumtazama mwenyeji kama hifadhi ya vimelea ilikwenda sambamba na mipango ya kuugawa mji kwa misingi ya rangi. Waingereza waliposhika utawala baada ya Vita Kuu ya Kwanza, eneo la wazi la Mnazi Mmoja liliachwa liwe mpaka baina ya Uhindini na mitaa ya Waafrika, na hoja za afya zilikuwa miongoni mwa sababu zilizotolewa. Nyuma ya mpaka huo ndipo ilipokua Kariakoo, ambayo jina lake linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa vita. Kwa hiyo, mtaa ambao baadaye ungekuwa soko kuu la kinga dhidi ya mbu ulianza kama mtaa uliotengwa, kwa sehemu, kwa hofu ya mbu.

Historia ya udhibiti wa malaria katika miongo iliyofuata, ikiwemo ujenzi wa mifereji na utiaji dawa katika mazalia, imeelezwa na David Clyde katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1967, nasi hatutairudia. Inatosha kusema kwamba, hadi uhuru na baada yake, maarifa kuhusu mbu wa jiji yalibaki mikononi mwa ofisi za afya. Maoni ya mnunuzi wa kinga hayakuwa sehemu ya utafiti.

3.0 Mbu wawili katika chumba kimoja

Ili kufahamu yaliyotokea baadaye, hatuna budi kuwatenganisha mbu ambao lugha ya kila siku huwaita kwa jina moja. Wa kwanza ni anofelesi, mwenezaji wa malaria. Kwa kawaida huyu hutaga mayai katika maji yaliyotulia, yasiyo na kina na yanayopigwa na jua: madimbwi ya mvua, nyayo za ng'ombe, vijaruba baina ya matuta ya mboga. Wa pili ni kuleksi. Huyu hustawi katika maji yenye uchafu mwingi: vyoo vya shimo, makaro, mifereji iliyoziba. Kuleksi huuma usiku, ndani ya nyumba, naye ndiye kwa kawaida huwa wengi zaidi katika vyumba vya uswahilini.

Tofauti hii ina matokeo makubwa. Mtu anayelala Jangwani akaumwa mara nyingi usiku kucha, huenda wengi wa mbu hao, au hata wote, wakawa kuleksi, wasioeneza malaria kabisa. Wakati huo huo, anofelesi mmoja aliyekwishaambukizwa anatosha kumlaza mtoto hospitalini. Wingi wa kero na ukubwa wa hatari ya malaria ni mambo mawili.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kumwita kuleksi mbu wa kero tu. Katika pwani ya Afrika Mashariki, yeye ndiye mwenezaji mkuu wa minyoo inayosababisha matende na mabusha, maradhi ambayo hayaui haraka bali humwondolea mtu uwezo wa kufanya kazi na kumvunjia heshima mbele ya jamaa zake. Mkazi aliyelalamikia mbu wa chooni alikuwa akilalamikia hatari ya kweli, ingawa haikuwa hatari iliyofadhiliwa na mpango wa malaria.

Aidha, mpaka baina ya mazalia ya mbu hawa wawili si ukuta. Utafiti wa Sattler na wenzake uliochapishwa mwaka 2005 uliwakuta viluwiluwi wa anofelesi wa Dar es Salaam hata katika maji yaliyochafuka, wakati wa kiangazi kirefu. Jiji lilikuwa linambadilisha mdudu, na kanuni ya vitabuni haikutosha kueleza mfereji wa mtaani.

4.0 Duka kama chombo cha utafiti, 1988–1996

Kati ya mwaka 1988 na 1996, Tanzania, kwa msaada wa Japani, iliendesha mradi wa kudhibiti malaria katika miji ya Dar es Salaam na Tanga. Shughuli zake zilihusisha upuliziaji wa viuadudu, utiaji dawa katika mazalia na usafishaji wa mifereji. Kutokana na mradi huo yalizaliwa machapisho ambayo, yakisomwa pamoja, yanaonyesha nyanja zetu tatu zikianza kukaribiana.

Mwaka 1995, Chavasse na wenzake walichapisha tathmini ya mazalia ya kuleksi jijini Dar es Salaam, pamoja na matokeo ya kutumia punje za plastiki nyepesi na kemikali inayozuia viluwiluwi kufikia upevu. Punje hizo humwagwa chooni, zikaelea na kufanya tabaka linalomzuia mbu kutaga na kiluwiluwi kupumua. Mbinu hiyo ilikuwa imetumika Makunduchi, Zanzibar, pamoja na dawa ya kutibu minyoo ya matende, na matokeo yake yalikuwa mazuri. Lakini mbinu hiyo inahitaji choo kisichofurika. Katika bonde ambalo maji ya mvua huingia vyooni na kutoka na kila kinachoelea, punje hizo zina maisha mafupi. Hapa tunaona kwamba mafanikio ya elimu ya wadudu yalitegemea jambo lisilo la wadudu: nani amejengewa mfereji na nani ameachwa bondeni.

Katika mwaka huo huo, Stephens na wenzake walichapisha uchunguzi wa maarifa ya wakazi wa Dar es Salaam na Tanga kuhusu mbu, wakiyahusisha na udhibiti unaofanywa na serikali na ule unaofanywa majumbani. Uchunguzi huo ulimpa mwananchi nafasi mpya. Hakuwa tena mwenye damu ya kupimwa tu, bali mtu mwenye fikra na matumizi yake ambayo mtafiti alipaswa kuyaelewa.

Hatua ya mbali zaidi ilichukuliwa mwaka 1996, pale Chavasse, Lines na Ichimori walipochapisha andiko fupi kuhusu uhusiano baina ya wingi wa mbu na mauzo ya dawa za mbu za kuchoma jijini Dar es Salaam. Andiko hilo ni dogo kwa kurasa, lakini kimbinu lina uzito. Lilizichukua hesabu za dukani na kuziweka sambamba na hesabu za mtaalamu wa wadudu. Duka lilitendewa kama chombo cha kupimia, kama vile mtego wa mbu ulivyo chombo.

Kwa mwanahistoria, hatua hiyo inafungua swali muhimu: mauzo yale ni kumbukumbu ya nini? Kwa kuwa wengi wa mbu wanaouma ndani ya nyumba za jiji ni kuleksi, dawa ya kuchoma iliyonunuliwa na mkazi wa Kariakoo ilikuwa kwanza kumbukumbu ya usiku aliokosa usingizi. Mnunuzi hakuwa amekosea. Alinunua alichokihitaji: usingizi. Aliyekosea ni yule aliyeyasoma matumizi hayo kana kwamba ni ushahidi wa hofu ya malaria, au aliyetarajia kwamba anofelesi wakipungua, wananchi wangeuona mradi kuwa umefaulu. Mradi unaweza kupunguza malaria na bado mkazi akasema kwamba hakuna kilichofanyika, kwa sababu mbu anaowasikia masikioni ni wale wale.

5.0 Chandarua: Bidhaa, hati na zawadi, 1996–2014

Jambo hilo hilo linaeleza historia ya chandarua. Miaka ya 1990 ilipoanza, wakazi wa mijini walikuwa tayari wakinunua vyandarua sokoni bila kuhimizwa na mradi wowote, na kwa kawaida vyandarua hivyo havikuwa na dawa. Kwa mnunuzi, chandarua kizima kisicho na tundu kilitosha, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwazuia mbu. Dawa haikuonekana kwa macho, na faida yake haikusikika masikioni.

Watafiti wa Ifakara walilikabili tatizo hilo mashambani. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, vyandarua na dawa yake viliuzwa kwa jina la Zuia Mbu, kwa mbinu za kibiashara zilizochanganywa na elimu ya afya. Jina lenyewe linastahili kuzingatiwa: halikutaja malaria. Lilizungumza na kero ambayo mnunuzi alikuwa nayo, huku dawa ikifanya kazi ambayo daktari aliikusudia. Mwaka 2001, Armstrong Schellenberg na wenzake waliripoti kwamba matumizi ya vyandarua vyenye dawa yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto. Katika kipindi chote kinachochunguzwa hapa, ni vigumu kupata mfano bora wa tiba, elimu ya wadudu na maarifa ya soko vikivuta kamba upande mmoja.

Kitaifa, mafunzo hayo yalichukua sura ya Hati Punguzo kuanzia mwaka 2004. Mama mjamzito aliyehudhuria kliniki alipewa hati, akaenda nayo dukani na kuongeza fedha ili kupata chandarua. Baadaye hati ilitolewa pia kwa ajili ya watoto wachanga. Mwaka 2009 kiasi cha kuongeza kilishushwa hadi shilingi 500. Mfumo huo ulimheshimu mwenye duka, kwa kuwa ulimfanya kuwa kiungo cha afya ya jamii, na uliviwezesha viwanda vya ndani, hasa vya Arusha, kupata soko la uhakika. Hata hivyo, ulimwacha nyuma yule asiyekuwa na fedha ya kuongeza, na kabla ya mwaka 2014 kampeni kubwa za kugawa vyandarua bure zilikuwa zimefanyika nchini.

Mabadiliko haya kutoka bidhaa hadi hati, na kutoka hati hadi zawadi, kwa kawaida huelezwa kama maendeleo ya sera. Makala hii inaongeza tahadhari moja. Mnunuzi aliyelipa alikuwa na njia ya kusema: akiacha kununua, mwenye duka alijua. Mpokeaji wa zawadi hana njia hiyo, isipokuwa mtafiti amfuate na kumuuliza. Zawadi iliwafikia wengi zaidi, na hilo ni jema lisilo na shaka; lakini ilipunguza sauti ambayo utafiti wa mwaka 1996 ulikuwa umeanza kuisikiliza.

6.0 Kurudi bondeni: Viluwiluwi, mifereji na matuta

Mpango wa Kudhibiti Malaria Mijini, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2004, ulirejea kwenye mazalia, safari hii kwa kuwatumia wakazi wenyewe. Watu waliochaguliwa mitaani walipita kila kiwanja, wakayaorodhesha maji yote yaliyotuama, na kuanzia mwaka 2006 wakayatia bakteria wanaoua viluwiluwi bila kumdhuru binadamu. Kata tatu za kwanza zilikuwa Buguruni, Kurasini na Mikocheni. Mwaka 2009, Geissbühler na wenzake waliripoti kwamba maambukizi ya malaria yalipungua.

Mpango huo haukuishia kwenye mazalia ya wazi, ambako anofelesi hupatikana. Vyoo vya shimo na makaro, makazi ya kuleksi, vilitiwa pia bakteria wa aina nyingine. Kwa hesabu ya malaria peke yake, kazi hiyo ya pili ilikuwa ya ziada. Kwa hesabu ya mkazi, ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Aliyefunguliwa mlango wa uani ili atie dawa dimbwini alipaswa kuwa na jambo la kumpa mwenye nyumba, na jambo hilo lilikuwa usiku wenye mbu wachache.

Tafiti zilizofuata ziliendelea kuunganisha yaliyokuwa yametenganishwa. Dongus na wenzake walichunguza kilimo cha mjini kama chanzo cha mazalia ya anofelesi, suala linalogusa moja kwa moja mabonde ambako mchicha na matembele ya kulisha jiji hulimwa. Castro na wenzake, mwaka 2010, waliichunguza mifereji ya jiji kama mazalia ya waenezaji wa malaria na wa matende kwa pamoja. Ogoma na wenzake, mwaka 2009, waligeukia nyumba yenyewe: nyavu za madirisha, dari na uzibaji wa mianya baina ya ukuta na paa. Hizi ni kinga ambazo wakazi walikuwa wakizigharimia wenyewe, bila hati wala kampeni. Elimu ya wadudu ilikuwa imerudi kujifunza kwa fundi na mnunuzi.

Lakini bonde lilikuwa na neno lake. Desemba 2011, mvua kubwa zilileta mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini. Jangwani ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika vibaya, na sehemu ya wakazi wa bondeni walihamishiwa Mabwepande. Hapa ndipo mipaka ya kinga ya kununuliwa inapoonekana waziwazi. Chandarua humlinda aliye na kitanda. Wavu wa dirisha humlinda aliye na dirisha. Hakuna bidhaa katika maduka ya Kariakoo inayoweza kuchukua nafasi ya mfereji unaopitisha maji.

7.0 Homa isiyokuwa malaria

Imebaki hesabu ya daktari, ambayo kwa muda mrefu ilionekana kuwa ya uhakika kuliko nyingine. Katika maisha ya kila siku ya jiji, homa na malaria yalikuwa karibu maneno ya maana moja, na dawa ya malaria ilinunuliwa mara joto lilipopanda. Dawa rasmi zilibadilishwa, kutoka klorokwini hadi SP mwaka 2001, na kisha dawa mseto kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006, lakini mazoea ya kununua yalibaki.

Kipimo cha haraka cha malaria kilipoanza kutumika katika vituo vya tiba vya Dar es Salaam, D'Acremont na wenzake walionyesha, mwaka 2011, kwamba matumizi ya dawa za malaria yalishuka. Mwaka 2014 kundi hilo hilo lilichapisha uchunguzi wa watoto 1,005 wenye homa waliotibiwa Dar es Salaam na Ifakara: waliokuwa na malaria walikuwa takribani mmoja katika kila kumi. Waliosalia walikuwa na maradhi mengine, mengi yakiwa ya virusi. Mwaka huo huo jiji lilikumbwa na mlipuko wa dengi, inayoenezwa na aedesi, mbu wa tatu, anayeuma mchana na kuzaliana katika matairi, makopo na mapipa ya maji. Dhidi yake, chandarua cha usiku kina msaada mdogo.

Kwa hiyo, hata hesabu ya vimelea haikuwa imesomwa vizuri. Mzazi aliyenunua dawa ya malaria kwa mtoto mwenye homa alifanya hivyo kwa sababu mfumo mzima wa tiba ulikuwa umemfundisha kwamba homa ni malaria. Kumlaumu leo kwa tabia hiyo ni kumlaumu mwanafunzi kwa kulishika somo.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba historia ya mbu wa Dar es Salaam si safari ya sayansi kutoka gizani kuelekea kwenye nuru, huku wananchi wakiburutwa nyuma. Ni historia ya vipimo vitatu vilivyokuwa vikikutana mara chache. Vilipokutana, kama katika Zuia Mbu au katika utiaji dawa wa vyoo pamoja na madimbwi, kazi iliyotoka ilikuwa bora zaidi. Vilipoachana, serikali ilidai imefaulu, mkazi alisema hakuna kitu, na kila mmoja alikuwa na ushahidi wa kweli mkononi.

Yapo mambo mawili yanayowahusu watafiti wajao. Kwanza, kumbukumbu za utafiti wa malaria zimehifadhiwa katika majarida na taasisi, ilhali kumbukumbu za maduka zimetupwa mwisho wa kila mwaka. Andiko la mwaka 1996 linatukumbusha kwamba daftari la muuzaji ni chanzo cha historia ya afya, na linapaswa kukusanywa kabla halijapotea. Pili, neno "mbu" katika hojaji lisichukuliwe kuwa na maana moja. Mtafiti anapomuuliza mkazi wa Jangwani kama mbu wamepungua, anauliza kuhusu anofelesi. Mkazi anajibu kuhusu usingizi wake. Jibu hilo ni sahihi, na ni juu ya mtafiti kufahamu limejibu swali lipi.